Kabureta kubwa haiongezi mbio

Mteja analeta Camaro ya 1969, injini ya inchi za ujazo 350 ambayo haijaguswa, na juu yake kafunga kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) ya 850, yaani inayopitisha futi za ujazo 850 za hewa kwa dakika. Analalamika gari ni zito. Ukimwambia tatizo ni hiyo kabureta, anakataa katakata: si inaingiza hewa nyingi zaidi? Nimeshachoka kulijibu hili kwa mdomo.

Injini ndiyo inayovuta hewa. Kabureta haisukumi kitu. Chukua ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, zidisha kwa raundi za juu kabisa kwa dakika, gawanya kwa 3,456. Inchi 350 kwa raundi 5,500 ni futi za ujazo 557 kwa dakika. Hapo tumeipendelea injini, tukasema silinda zinajaa kabisa. Zikijaa kwa asilimia 85, unabaki na 473. Kabureta ya 600 inatosha na chenji inabaki.

Petroli hunyonywa na kasi ya hewa inayopita kwenye koo la kabureta. Koo likiwa pana mno, hewa inajikokota, na petroli inatoka matone badala ya ukungu. Ukikanyaga mafuta ghafla gari linasita, linakohoa, ndipo linaondoka. Fungua plagi uone: nyeusi tii kwa masizi.

Wajuaji huniuliza, mbona Chevrolet wenyewe walifunga kabureta ya Quadrajet ya 750 kwenye injini ya 350? Kweli walifunga. Ila Quadrajet ina makoo mawili madogo ya mbele kwa mwendo wa kawaida, na mawili makubwa ya nyuma yenye kibati kinachofunguka kadiri injini inavyohitaji. Ile 850 ya mteja, yenye pampu mbili za petroli, makoo yake yote hufunguliwa na mguu wako, injini itake isitake.

Kabla ya kabureta, nunua geji ya vakyumu, yaani kipimo cha mvuto wa hewa. Iunganishe kwenye manifoldi (njia ya hewa kati ya kabureta na silinda), kanyaga mpaka chini hadi raundi za juu, mahali salama lakini, si barabarani. Ikisoma chini ya inchi 1.5 za zebaki, kabureta uliyonayo haikubani. Shida ni kwamba hakuna anayepiga picha na geji.

Matundu ya boneti nayo. Yale ya Pontiac GTO ya 1964 yalikuwa pambo tupu. Hata yaliyo wazi, kwa kilomita 100 kwa saa upepo hauongezi nusu asilimia ya mgandamizo. Faida yake ni ubaridi: hewa ya nyuzi 60 iliyo chini ya boneti ni nyepesi kwa asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30 iliyo nje. Kwa hiyo eya klina (kisanduku cha filta ya hewa) ya wazi inayonguruma, inayovuta hewa ya chini ya boneti, inakuuzia kelele na joto.

Wengine husema: “Magari ya 1972 yaliuawa nguvu.” Yalipungua, lakini si kama namba zinavyotisha. Corvette LT-1 ilitoka nguvu farasi 330 mwaka 1971 hadi 255 mwaka 1972, hasa kwa sababu hesabu mpya ilipima injini ikiwa na ekzosi na vifaa vyake vyote. Kwa kipimo hicho kipya, ile ya 1971 ilikuwa 275.

Na wanaoondoa filta kabisa ili injini “ipumue”: mimi ringi na silinda nabadilisha kwa bei ileile, vumbi likishamaliza kazi yake.