Vitabu vya Watoto vya Stefan Themerson Havikuwa Kazi ya Kando

Wiki iliyopita, baada ya kuwaonyesha wanafunzi wangu wa uhuishaji filamu ya Przygoda człowieka poczciwego, yaani Kisa cha Muungwana Mmoja, nilisikia tena kauli ninayoisikia kila muhula: kwamba Stefan Themerson alikuwa mwongozaji wa filamu za majaribio, na vitabu vya watoto aliviandika kwa ajili ya kujikimu tu. Nimelijibu jambo hili kwa mdomo hadi nimechoka. Safari hii naliandika, kwa sababu anayeliamini hawezi kuzielewa hata filamu zenyewe.

Wasifu wake nitaupitia haraka. Alizaliwa Płock, nchini Polandi, mwaka 1910, akiwa mtoto wa daktari. Alisoma fizikia na kisha usanifu majengo mjini Warsaw, lakini akili yake ilikuwa kwenye picha. Mwaka 1931 alimwoa Franciszka Weinles, mchoraji na binti wa mchoraji. Kati ya mwaka 1930 na 1937 walitengeneza filamu fupi tano, na katika miaka hiyo hiyo walikuwa wakitoa vitabu vya watoto, yeye akiandika na mkewe akichora.

Sasa tuiangalie meza yao ya kupigia filamu, kwa maana hoja yangu yote imelala hapo. Walitandaza karatasi inayopitisha mwanga juu ya kioo, wakapanga vitu vya kawaida juu yake, wakaweka kamera chini ikitazama juu, na taa zikawa juu ya vitu. Taa husogezwa kidogo, fremu moja hupigwa. Husogezwa tena, hupigwa nyingine. Kitu chenyewe hakitikisiki, bali kivuli chake hurefuka, huvimba, na hugeuka. Filamu yao ya kwanza, Apteka ya mwaka 1930, ilichukua vyombo vya duka la dawa, vitu ambavyo kila mtu alikwisha kuviona mara mia, na kuvifanya vionekane kama havijapata kuonekana. Nimejaribu mbinu hii darasani kwa gilasi na mkasi. Ukikosea kusogeza taa kwa upana wa kidole kimoja, kivuli kinaruka na uhai wote unapotea.

Sasa mfungulie mtoto kitabu cha Stefan, Narodziny liter, yaani Kuzaliwa kwa Herufi, ambamo maandishi yanaelezwa tangu yalipokuwa picha hadi yakawa alama. Au mfungulie Pan Tom buduje dom ya mwaka 1938, ambamo Bwana Tom anajenga nyumba na mambo tunayoyazoea ndani ya nyumba, kama vile taa na maji, yanageuka kuwa maswali. Herufi, taa, bomba: vyote ni vitu ambavyo mtu mzima ameacha kuviona. Mwandishi anavisogezea taa kidogo, kama alivyofanya pale mezani. Kazi ni ile ile, na ndiyo maana mtu anaponiambia kitabu kilikuwa cha riziki na filamu ndiyo sanaa, ninajua kwamba hajavisoma vitabu, na ninaanza kuwa na wasiwasi kwamba hata filamu aliitazama akiwa amefumba jicho moja. Sikatai kwamba vitabu viliwasaidia kuishi. Seremala naye hulipwa kwa kiti, na hakuna anayesema kwa hiyo kiti hicho si useremala.

Kosa la pili linaniudhi zaidi, nalo ni lile neno «mwongozaji» likitajwa peke yake, kana kwamba Franciszka alikuwa msaidizi wa kushika taa. Filamu walizitia sahihi pamoja. Vitabu bila michoro yake ni nusu ya vitabu, kwa sababu mstari wake unafanya kazi ambayo maneno hayaifanyi: unamfanya mtoto acheke kabla hajaelewa, na akishacheka yuko tayari kuelewa. Anayetaka kuandika habari za Stefan na aandike «walifanya» pale walipofanya pamoja.

Hata hivyo nina shaka moja ambayo sitaificha. Vitabu vinaeleza kwa subira, ilhali filamu hazielezi chochote, na filamu yao ya Europa, iliyotokana na shairi la mshairi wa Kipolandi Anatol Stern, ina hasira ambayo Bwana Tom haijui. Huenda ninaziunganisha kazi hizi kwa nguvu kwa kuwa mimi mwenyewe huwatengenezea watoto filamu. Lakini kila ninaporudi kwenye ile meza, shaka hiyo hupungua.

Vita viliwatenganisha. Walikuwa wamehamia Paris. Mwaka 1940 Franciszka alifika London, na Stefan akakwama Ufaransa hadi mwaka 1942, alipopata njia kupitia Lisbon. Mwaka 1943 walitoa filamu ya Calling Mr. Smith, inayomsemesha Mwingereza wa kawaida ambaye hapendi kuambiwa Wanazi wanaufanyia nini utamaduni wa Polandi, na wadhibiti wa Uingereza waliikataa kwa ajili ya picha zake za kutisha. Kumwita msomaji kwa jina na kumwomba atazame tena ni ufundi wa mwandishi wa watoto.

Mwaka 1948 wakaanzisha shirika la uchapishaji la Gaberbocchus. Katika toleo lao la mwaka 1951 la Ubu Roi, tamthilia ya Mfaransa Alfred Jarry, mfasiri Barbara Wright aliyaandika maneno kwa mkono moja kwa moja juu ya mabamba ya kuchapia, na Franciszka akachora kuyazunguka, hata herufi zikarudi kuwa picha, kama zilivyokuwa katika kile kitabu cha watoto.

Wote wawili walifariki mwaka 1988. Europa, iliyoaminika kuwa imepotea vitani, ilipatikana mwaka 2019 katika hifadhi ya nyaraka mjini Berlin. Mwanafunzi wangu atakayeitazama na akisome kwanza Narodziny liter, ukurasa kwa ukurasa, kisha ndipo azime taa.