Je, sayansi imethibitisha kwamba hatuna hiari?

Wengi wanaamini sayansi imekwisha kuthibitisha kwamba binadamu hana hiari, eti ubongo huamua kabla yake. Imani hii imetokana hasa na jaribio lililochapishwa mwaka 1983. Washiriki walikunja kifundo cha mkono wakati wowote walipotaka, wakitazama nukta ikizunguka kama mshale wa saa, kisha wakataja ilikuwa wapi hamu ilipowajia. Umeme wa ubongo ulianza kubadilika kama thuluthi ya sekunde kabla ya hamu hiyo.

Inashangaza kweli. Ila tangu 2012 kuna maelezo mengine yenye uzito: huenda mabadiliko hayo ni kupanda na kushuka kwa kawaida kwa umeme wa ubongo, si uamuzi. Na kukunja mkono si kuchagua mchumba! Ukisoma dai kama hili, uliza ni kitendo gani hasa kilichopimwa, na kama wataalamu wengine wanayaeleza vingine matokeo yaleyale.