Gari linalia tik-tik? Sikiliza kwanza kabla injini haijafunguliwa

Gari langu, Toyota IST yenye injini ya 1NZ, lilianza kulia tik-tik-tik kila alfajiri nikiliwasha Kimara, Dar es Salaam. Nikifika Ubungo, kimya. Fundi wa kwanza alisikiliza nusu dakika: "Bosi, hii imenoki, imekufa ndani. Tafuta injini nyingine." Usiku ule sikupata usingizi. Haya nayaandika kwa ajili ya atakayeambiwa hivyo kesho.

Dhana: Tik-tik maana yake injini imenoki.

Injini iliyonoki hutoa kishindo kizito, kama nyundo inayogonga chuma huko chini, na ukikanyaga mafuta kinazidi. Ukisikia hicho, zima gari livutwe. Tik-tik nyepesi ya juu juu ni habari nyingine kabisa. Nozeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, hulia hivyo zikifunguka na kujifunga, na hiyo si hitilafu. Vali, milango midogo inayoingiza hewa na kutoa moshi, nazo hulia uwazi ulioachwa kati yake na kinachozisukuma ukizidi. Kwenye 1NZ uwazi huo ni 0.15 hadi 0.25 mm kwa vali za hewa na 0.25 hadi 0.35 mm kwa za moshi, zikipimwa injini ikiwa baridi.

Langu halikuwa hata vali. Fundi wa pili, mzee mmoja wa Gerezani, alitaka gari lilale kwake. Asubuhi akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha taratibu kuzunguka injini. Kwenye manifoldi ya ekzosi, bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini, akasimama, akanipa mpira nisikilize mwenyewe. Pembeni mwa gasketi palikuwa na masizi meusi kama ya sufuria ya kuni. Moshi ulikuwa unapenya hapo. Chuma kikipata moto kinatanuka, upenyo unaziba, sauti inapotea. Ndiyo maana Ubungo nilikuwa sisikii kitu. Kabla ya adhuhuri gasketi mpya ilikuwa imefungwa.

Dhana: Taa ya oili haijawaka, basi oili ipo.

Taa ile inahusu presha, si kiasi. Inaweza kukaa kimya huku oili ikipungua, na vali za juu ndizo zinazoanza kulalamika. Egesha mahali tambarare, zima, subiri dakika chache, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, uchomoe tena. Injini ya 1NZ inabeba kama lita 3.7 tu; ikipungua lita moja, zaidi ya robo imekwenda.

Dhana: Weka oili nzito, itanyamaza.

Inanyamaza, lakini ugonjwa unabaki palepale. Oili nzito huchelewa kupanda asubuhi, na VVT-i, mfumo wa Toyota unaorekebisha wakati wa vali kufunguka, inaitegemea ipite kwenye vijia vyembamba. Inaniuma kuona mtu anauziwa dawa hii. Fuata unene ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.

Dhana: Lazima iwe injini.

Gari likiwa limesimama, gia ikiwa P, kanyaga mafuta kidogo. Sauti isipotokea hapo, lakini ikaongeza kasi gari likitembea, kagua magurudumu. Kokoto au msumari kwenye tairi hulia tik-tik safi kabisa. Ka-ka-ka ukikata kona ni sivijointi, kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu. Angalia kama mpira wake umepasuka na kutapika grisi. Na kama jana uliziba pancha, chukua spana sasa hivi ukaze nati za gurudumu. Hilo halisubiri fundi.