Vepu mchana, sigara jioni: hapo bado hujaacha

Machalii wengi hapa Arusha, kuanzia Kijenge mpaka Sakina, wanaamini vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ni mvuke wa maji tu, ukishainunua basi sigara umeacha. Jamani hapana. Mle ndani kuna propilini glaikoli na gliserini, vimiminika vinavyotoa huo mvuke, kuna ladha na mara nyingi nikotini, ile ile inayokuamsha unatafuta kiberiti. Kisichokuwepo ni moto, tumbaku haiungui ndo maana lami, ule uchafu mweusi wa moshi, na gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi unavikwepa kwa kiasi kikubwa, na inasaidia kweli, utafiti wa Uingereza wa 2019 ulikuta baada ya mwaka asilimia 18 ya waliopewa vepu hawavuti tena sigara, waliopewa plasta, bigijii na vingine vya nikotini ni asilimia 9.9.

Shida iko hapa sasa: mtu anavuta vepu mchana kutwa afu jioni kwenye nyama choma anawasha sigara moja, mbili, anasema si nimepunguza. Kwa moyo haiko hivyo kabisa, sigara moja tu kwa siku inakubebesha karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20 kwa siku! Kwahiyo ukihamia vepu hama kweli, pakiti itoke mfukoni, hata ile ya kuombaomba kwa washkaji iishe, afu nikotini yenyewe ndo uanze kuishusha taratibu.