Radi inanguruma na dagaa bado wako chanjani

Mvua zikianza Kigoma, mwezi wa kumi hivi, maswali pale mwaloni Kibirizi huwa yale yale. Nayajibu hapa kama ninavyowajibu akina mama tukiwa tumesimama kando ya chanja za kuanikia dagaa.

Wingu limefunga upande wa Kongo, huku kwetu jua linawaka. Nianue dagaa kwanza?

Ukishasikia ngurumo, waache. Najua uchungu wake: dagaa wakinyeshewa, mtaji umekwenda, utawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Lakini radi haingoji mvua. Inaweza kupiga kilomita 10 na zaidi kutoka penye mvua, na wewe uko ufukweni peupe, umeinamia chanja ya waya. Hesabu: sauti hutumia kama sekunde 3 kwa kilomita moja. Mmweko ukipita, ukahesabu sekunde hadi 30 ndipo ukasikia ngurumo, radi iko kilomita 10 hivi, na hapo ulipo inakufikia. Wa kuanua aanue wingu likiwa bado kimya.

Nijibanze chini ya mwembe?

Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Umeme ukishuka kwenye mti humrukia aliye karibu, au hupita ardhini ukampandia miguuni. Ndiyo maana ng'ombe waliojikusanya chini ya mti mmoja hufa wengi kwa pigo moja. Kibanda cha turubai cha mama ntilie kinazuia mvua tu. Ingia nyumba ya matofali yenye nyaya za umeme na mabomba, au gari lenye bodi ya bati, vioo vimefungwa. Bajaji na bodaboda hazimo. Ukiwa ndani, usiegemee mlango wa chuma, usioge, usishike simu iliyo kwenye chaji. Ngurumo ya mwisho ikipita, subiri dakika 30.

Nguo nyekundu na vioo je?

Havivuti radi. Vaa unachotaka.

Mtu kapigwa, na watu wanasema ukimgusa na wewe utaungua. Kweli?

Si kweli, na maneno haya yanaua. Mwilini mwake hakuna umeme uliobaki. Mguse bila kusita, ila kama radi bado inapiga, mhamishieni kwanza mahali salama.

Mwite, mtikise mabega, tazama kifua. Kama hapumui, mlaze chali, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, mikono imenyooka. Bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Utachoka haraka, kwa hiyo mpokezane. Anayejua kumpulizia pumzi mdomoni ampulizie mara 2 kila baada ya kubonyeza mara 30. Pumzi zina uzito hapa, kwa sababu baada ya radi moyo huweza kuanza tena wenyewe huku kupumua kumesimama bado. Mwingine apige 112 au atafute gari la kwenda hospitali ya Maweni.

Wakipigwa watu kadhaa, anza na aliye kimya kama maiti. Anayelia na kugaagaa anapumua, atasubiri kidogo. Najua inaonekana kinyume, hasa anayelia akiwa mwanao.

Aliyeinuka mwenyewe akasema yuko sawa naye aende hospitali. Ngoma ya sikio inaweza kupasuka, moyo ukapiga ovyo, kumbukumbu ikapotea, na ngozi isionyeshe kidonda chochote.

Mume wangu yuko ziwani usiku, giza la mwezi, taa zimewaka. Afanye nini?

Mtumbwini hakuna pa kujificha, kwa hiyo kujikinga kuanze jioni: asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kusukuma chombo majini. Wingu likimkuta huko, ageukie pwani mapema. Akishindwa, akae chini katikati ya mtumbwi, mbali na nguzo za taa na vyuma, mikono nje ya maji, wavu auachie.