Swali Kwanza, Kitabu Baadaye: Kazi ya Mkutubi wa Hospitali

Watu wakisikia kwamba nafanya kazi katika maktaba ya hospitali, huwaza rafu, vumbi na mtu wa kunyamazisha wanafunzi. Rafu zipo, sikatai. Vitabu vyetu vimepangwa kwa mfumo wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ule unaoanza na QS kwa anatomia na kuishia WZ kwa historia ya tiba. Ukitaka moyo na mishipa ya damu nenda WG, watoto WS, uuguzi WY. Lakini siku nzima inaweza kupita nisiguse kitabu hata kimoja. Kazi yenyewe ni maswali: kuyapokea, kuyafumua, kuyasuka upya na kuyapeleka penye majibu. Na swali analolitamka mtu akifika mezani, mara nyingi silo lililomleta.

Chukua mfano wa muuguzi anayepita maktaba dakika chache kabla ya zamu. "Naomba chochote mlichonacho kuhusu kanula," yaani ule mrija mwembamba unaochomwa kwenye mshipa wa damu. Nikimpa kweli chochote, nitamtwisha mzigo wa makala asizoweza kuzisoma hadi astaafu. Kwa hiyo namhoji kidogo. Kanula ya mkononi au ya mshipa mkubwa? Watu wazima au watoto? Kuna nini wodini? Hapo ndipo jambo linapotoka: utaratibu wao ni kung'oa kanula kila baada ya siku tatu na kuchoma nyingine, hata kama ile ya kwanza haina tatizo. Sasa wana mgonjwa ambaye mishipa yake haionekani kwa urahisi, na kila kumchoma ni mateso. Je, kuna faida ya kumbadilishia kanula isiyo na shida?

Hilo ni swali jingine kabisa, na linajibika. Tangu katikati ya miaka ya 1990 watu wa fani hii hulivunja swali kama hilo vipande vinne: mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, tunalinganisha na nini, na tunatazamia matokeo gani. Wagonjwa wazima wenye kanula ya mkononi. Kuibadilisha pale tu dalili zinapoonekana. Dhidi ya kuibadilisha kwa ratiba. Na matokeo ni kuvimba kwa mshipa au maambukizi ya damu. Ukilipanga hivyo, unakutana haraka na jaribio lililofanyika Australia na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2012. Wagonjwa walikuwa 3,283. Waliobadilishiwa kwa ratiba, 114 walivimba mshipa. Waliobadilishiwa kwa dalili tu, 114 vilevile. Asilimia 7 kila upande. Kando yake kuna mapitio ya kimfumo ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yanayokusanya majaribio ya namna hiyo pamoja, na nayo hayakuona sababu nzito ya kushikilia ratiba.

Naishia hapo. Sisemi "badilisheni utaratibu." Muuguzi anaondoka na makala mbili, maelezo ya nilikotafuta na nilivyotafuta, na ushauri kwamba azipeleke kwenye kamati ya kudhibiti maambukizi. Uamuzi ni wao, kwa sababu wao ndio wanaojua kama wodi yao ina watu wa kutosha kukagua kila kanula kila zamu. Bila ukaguzi huo, kungoja dalili kunakuwa na hatari yake.

Kuna anayeuliza: si angeandika tu kwenye simu yake? Angeweza, na wengi wanafanya hivyo, na kwa maswali mepesi sioni ubaya. Tatizo ni wingi. PubMed, kanzidata ya makala za tiba iliyoanza mwaka 1996, sasa ina rejea zaidi ya milioni 37. Ndani yake waandishi hawakubaliani hata majina ya magonjwa. Waingereza na Wamarekani wanatofautiana tahajia. Kizazi kimoja cha madaktari huita kidonda kwa jina hili, kinachofuata kinalibadilisha. Ndiyo maana tangu mwaka 1960 kuna orodha rasmi ya istilahi iitwayo MeSH: makala yoyote ya saratani, mwandishi awe ameiita uvimbe au vinginevyo, hubandikwa istilahi moja, na istilahi hizo zimepangwa kwa ngazi. Ukiomba ngazi ya juu, za chini yake zinafuata zenyewe. Asiyejua hilo huandika neno moja, anapata nusu ya kilichopo, na kwa kuwa hiyo nusu tayari ni maelfu, hana sababu ya kushuku kwamba kuna kingine.

Zamani kubandika istilahi ilikuwa kazi ya watu waliokaa na kusoma makala moja baada ya nyingine. Tangu mwaka 2022 programu ndizo zinazofanya sehemu kubwa, binadamu wakikagua baadhi. Makala zinaingia haraka zaidi, nashukuru. Lakini mimi siku hizi sitegemei istilahi peke yake. Natafuta kwa istilahi na kwa maneno ya kawaida yaliyomo kwenye kichwa na muhtasari, kisha naunganisha. Na PubMed si yote. Kwa mambo ya uuguzi kuna kanzidata ya CINAHL, kwa dawa ile ya Embase huvua mengi ambayo PubMed haina, na majaribio ambayo hayajachapishwa popote hutafutwa kwenye daftari za usajili kama ClinicalTrials.gov.

Gharama ya kutokukusanya majibu inajulikana vizuri. Mwaka 1972 lilichapishwa jaribio lililoonyesha kwamba sindano za steroidi kwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati huokoa watoto. Majaribio mengine yakafuata, moja hapa, jingine kule. Mapitio yaliyoyaweka yote pamoja hayakutoka hadi mwaka 1989, na katikati hapo madaktari wengi wa uzazi hawakujua kwamba dawa hiyo inafanya kazi kiasi hicho. Watoto walikufa huku jibu likiwa limelala kwenye rafu. Cochrane, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilichukua mchoro wa majaribio hayo ikaufanya nembo yake.

Baadhi yetu hatungoji kuulizwa mezani. Mwaka 1971 Gertrude Lamb alianzisha huko Kansas City, Marekani, mpango wa mkutubi kufuatana na madaktari kwenye raundi, akisikia maswali yanapozaliwa kando ya kitanda. Nami hufanya hivyo ninapopata nafasi, na faida yake kubwa naiona kwenye maswali ambayo hakuna ambaye angejisumbua kuyaleta maktaba: daktari kijana anakwepa kumuuliza bingwa, bingwa anakwepa kuonekana hajui. Mkutubi aliyesimama nyuma na daftari haogopwi na yeyote. Utafiti wa Rochester, Marekani, wa mwaka 1992 uliwauliza madaktari waliotumia maktaba za hospitali, na asilimia 80 walisema taarifa walizopewa zilibadilisha jambo fulani katika kumhudumia mgonjwa. Sisi wakutubi tunaipenda sana takwimu hiyo, ila nakumbusha kwamba ni madaktari wenyewe waliojisemea, na aliyehudumiwa vizuri ndiye hupenda kujaza dodoso.

Mgonjwa ni mteja wa aina nyingine. Daktari hunidai haraka. Mgonjwa hunidai staha. Mara nyingi anayekuja ni ndugu yake, ameshika kikaratasi chenye jina la ugonjwa alilolisikia likitamkwa mara moja, na herufi mbili tatu zimekwenda mrama. Simuulizi nani anaumwa. Namuuliza anataka kujua nini: ugonjwa wenyewe, matibabu, au namna ya kuishi nao nyumbani? Kuna anayetaka kila kitu, na kuna asiyetaka kuona takwimu za vifo kabisa. Kwa hiyo kurasa zenye namba hizo naziweka nyuma ya kabrasha na kumwambia ziko wapi. Akizitaka atafungua.

Kwa ajili yao sianzi na makala za utafiti. Naanza na vyanzo vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi na visivyo na mtu anayeuza kitu, kama MedlinePlus, iliyofunguliwa mwaka 1998 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani na isiyobeba matangazo. Majibu ya maabara simsomei mtu, hata akinisihi. Naweza kumwonyesha maelezo ya kipimo hicho hupima nini kwa jumla, lakini kusema "yako ni mazuri" au "yako ni mabaya" ni kazi ya daktari mwenye faili lake. Ninachokifanya badala yake, na nadhani ndicho chenye manufaa kuliko vyote, ni kukaa naye tukaandika maswali matatu au manne atakayokwenda nayo chumba cha daktari. Mtu akiingia mle bila karatasi, hofu humsahaulisha yote. Na alichosoma hapa hakimfikii bosi wake, jirani yake, wala daktari wake, isipokuwa akitaka mwenyewe.

Baadhi ya wahudumu wa afya hawapendi wagonjwa waje maktaba. Wanaogopa wataondoka na hofu. Huwa nawatajia habari za Stephen Jay Gould, mwanabiolojia wa Marekani. Mwaka 1982 aligunduliwa kuwa na mesothelioma ya tumboni, saratani inayohusishwa na vumbi la asbesto. Daktari wake alimzungusha kwa upole, akamwambia hakuna cha maana cha kusoma. Mara tu alipoweza kutembea alikwenda maktaba ya tiba ya Countway, Harvard, akasoma mwenyewe: ugonjwa hautibiki, na muda wa katikati wa kuishi ni miezi minane tangu kugunduliwa.

Mtu mwingine angesoma hapo kwamba amebakiwa na miezi minane. Gould alizoea takwimu, akajiuliza swali tofauti: namba ya katikati maana yake nusu ya watu hufa kabla yake, lakini nusu ya pili, je? Wote hao wanaishi zaidi, na kwa kuwa hakuna anayeweza kufa kabla ya sifuri, upande wa kushoto wa mchoro wa namba hizo umebanwa huku wa kulia ukiweza kunyooka miaka mingi. Akaangalia ni nani huwa kwenye mkia huo mrefu: vijana, waliogunduliwa mapema, wenye matibabu mazuri. Yeye alikuwa na sifa hizo. Aliishi hadi mwaka 2002, na alipokufa ilikuwa kwa saratani nyingine. Siwapi wagonjwa habari hii kama ahadi, maana wengi hawatakuwa kwenye mkia. Nawapa wahudumu, ili waone kwamba namba ileile inamtisha aliyeachwa nayo peke yake na kumsaidia aliyefafanuliwa.

Watafiti nao huja na shida zao, kubwa ikiwa kuchelewa. Anakuja amekwisha andika pendekezo, amepata fedha, anataka "rejea chache za utangulizi." Hapo naelezea kisa cha mwaka 2001 cha Johns Hopkins, chuo kikuu cha Marekani. Mwanamke wa miaka 24, mzima wa afya, alijitolea kwenye utafiti wa pumu, akavutishwa dawa ya hexamethonium, mapafu yakaharibika, akafariki. Mtafiti alikuwa ametafuta kwenye PubMed. Lakini wakati huo PubMed ilirudi nyuma hadi mwaka 1966 tu, na makala zilizoihusisha dawa hiyo na madhara ya mapafu zilikuwa za miaka ya 1950. Zilikuwa kwenye faharasa za karatasi, zile za Index Medicus iliyoanza mwaka 1879, ambazo kila anayekata bajeti ya maktaba huziona kama kuni. Kila kanzidata ina mwaka wake wa kuanzia. Kuujua ni sehemu ya kutafuta.

Kwa anayefanya mapitio ya kimfumo naomba nihusishwe tangu siku ya swali, kwa sababu mkakati wa kutafuta lazima uandikwe kiasi kwamba mtu mwingine aweze kuurudia na kupata kilekile. Si kazi ya mchana mmoja. Na makala ikiwa imefungwa nyuma ya malipo, usilipe kwa kadi yako kabla hujaniuliza. Tunaazimana na maktaba nyingine, na taasisi za nchi zenye kipato kidogo zinaweza kupata maelfu ya majarida bure au kwa bei nafuu kupitia Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji.

Siku hizi limeongezeka jambo jipya: orodha za rejea zilizotungwa na programu za akili bandia. Majina ya waandishi yanafanana na ya kweli, jarida lipo, mwaka unaingia akilini, ila makala yenyewe haikuwahi kuandikwa. Naangalia namba ya DOI ya kila moja, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni. Isiyofunguka naitafuta kwa kichwa chake, na isipoonekana popote naifuta bila majadiliano. Zinazobaki nazipitisha kwenye kipimo cha pili, yaani kama zilibatilishwa baada ya kuchapishwa. Ile ya mwaka 1998 iliyodai chanjo ya surua inahusiana na usonji, iliyojengwa juu ya watoto 12, The Lancet waliibatilisha mwaka 2010, na bado watu huniletea nakala zake zilizopigwa fotokopi kabla ya hapo, ambazo hazina alama yoyote ya kubatilishwa. Nawachapishia ukurasa wa sasa, wenye neno hilo kwa herufi nyekundu juu yake.