Ubao wa Milimita 9: Mkandamizo wa Hewa na Sababu ya Gari Kufutiwa Matokeo

Tangu Lando Norris na Oscar Piastri, madereva wa timu ya McLaren katika mbio za magari za Formula 1, wafutiwe matokeo ya Las Vegas, Novemba 2025, sisi tunaokagua magari ya mashindano tunapokea lalamiko lilelile: eti aliyemaliza wa pili na aliyemaliza wa nne wamenyang'anywa pointi 30 kwa tofauti ya unene wa unywele. Hesabu ya pointi ni sawa, na hata huo unywele hauko mbali na ukweli. Ubao wa chini ya gari la Norris, pamoja na vipande vyake vya kukwaruzia, ulikutwa na milimita 8.88 kwenye sehemu ya kipimo iliyolika zaidi; wa Piastri 8.74. Kiwango cha chini ni 9. Lakini kanuni hii haieleweki mpaka ieleweke kwanza mkandamizo wa hewa, yaani nguvu ya hewa inayolibana gari barabarani, hutokea wapi.

Wengi hutazama bawa la nyuma kwa kuwa ndilo linaloonekana. Ni bawa la ndege lililopinduliwa: hewa ya upande wa chini hukimbia zaidi, shinikizo la huko hushuka, bawa huvutwa chini. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi. Gari likitoka kilomita 100 kwa saa hadi 200, mkandamizo huwa mara nne. Likifika 300, mara tisa. Hutegemea pia uzito wa hewa yenyewe, ndiyo maana Mexico City, iliyo mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari, timu hufunga mabawa makubwa na bado magari huteleza.

Hapa tuseme wazi jambo linalotuchosha. Bawa la kununua dukani, lenye urefu wa mita 1.3 na upana wa sentimita 15, likifungwa kwenye buti la gari dogo linalokwenda kilomita 80 kwa saa, hukandamiza kiasi cha kilo 6 tu, tena likiwa limeinamishwa ipasavyo na kupigwa na hewa tulivu. Mengi hukaa nyuma ya paa, kwenye hewa iliyokwisha vurugika, hivyo hata hizo 6 hazipatikani. Wala kujaza mifuko ya mchanga kwenye buti si mbadala. Mchanga huongeza mzigo juu ya tairi, lakini huongeza pia uzito ambao tairi hilohilo linapaswa kuupitisha kwenye kona na kuusimamisha kwa breki. Hewa hukandamiza tairi bila kuliongezea gari hata gramu moja.

Katika magari ya Formula 1 ya 2022 hadi 2025, sehemu kubwa ya mkandamizo ilitoka sakafuni. Chini ya gari kulikuwa na mifereji miwili, mipana mdomoni, iliyobana katikati na kupanuka tena kuelekea nyuma. Hewa ikibanwa kati ya sakafu na lami hukimbia, shinikizo hushuka, gari hunyonywa kuelekea barabarani. Kadiri sakafu inavyoshuka ndivyo mnyonyo unavyoongezeka, mpaka pengo linapokuwa dogo mno. Hapo hewa hukwama na kubanduka kwenye sakafu, mnyonyo hukatika ghafla, gari huinuka, hewa hupita tena, gari hunyonywa tena, na hayo hurudia mara kadhaa kwa sekunde. Kwenye mbio za Baku, Azerbaijan, mwaka 2022 dereva Lewis Hamilton alishuka garini akishika mgongo kwa mtikisiko huo. Mwaka huohuo FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio hizi, iliweka kikomo cha mtikisiko huo, na 2023 ikainua kingo za sakafu kwa milimita 15.

Ubao uliletwa 1994, baada ya vifo vya madereva Roland Ratzenberger na Ayrton Senna kwenye mbio za Imola, Italia. Kazi yake ni kumlazimisha mhandisi aache nafasi chini ya gari. Linaloshushwa mno hujikwangua, na ubao hubaki na ushahidi.

Utaratibu ni huu, na tunaomba usomwe mpaka mwisho. Ubao mpya una unene wa milimita 10, na huruhusiwa kuzidi au kupungua 0.2. Baada ya mbio gari huwekwa chini ya ulinzi, wala timu hairuhusiwi kulirekebisha. Kipimo huchukuliwa kwa mikromita, kifaa cha kupimia unene, kwenye kingo za matundu yaliyotajwa na kanuni, si popote ubao ulipolika. Kikiwa chini ya 9, taarifa huandikwa na kupelekwa kwa wasimamizi wa mbio, na timu huitwa kujieleza. Las Vegas vipimo vilirudiwa mbele ya wawakilishi wa timu, na vikatoka vidogo kuliko vya kwanza. Wasimamizi walikubali kwamba haikuwa kusudi. Kanuni haiulizi kusudi, matokeo yakafutwa. Dereva Michael Schumacher aliposhinda Spa, Ubelgiji, 1994, kisha ubao wake ukakutwa umelika mno, timu yake ilidai ubao ulilika alipopanda kingo za njia akiwa amepoteza mwelekeo. Haikukubaliwa.

Si kila gari hupimwa ubao, na kutopimwa kwa gari jingine si utetezi. Kwenye mbio za Austin, Marekani, 2023 yalipimwa manne, mawili yakashindwa: la Hamilton, aliyemaliza wa pili, na la dereva Charles Leclerc, wa sita. Wikendi ile ilikuwa na mbio fupi ya Jumamosi, hivyo timu zilipata kipindi kimoja tu cha mazoezi kabla ya mipangilio ya gari kufungwa, kwenye njia yenye matuta mengi. Kimo cha gari kilichoamuliwa Ijumaa ndicho kilichotumika Jumapili, tangi likiwa limejaa mafuta na gari likiwa zito zaidi. Mhandisi anayehofia ubao huliinua gari milimita moja au mbili, na hulipa kwa kupoteza kasi katika kila mzunguko. Waliofutiwa matokeo walibaki na kasi hiyo kwa mbio nzima, na waliomaliza nyuma yao walikuwa wamekwisha kuilipa.